Magazini ya Raia na Magazini ya Askari

Kwa miaka kadhaa sasa mabishano makali yamekuwa yakiendelea katika nchi mbalimbali za dunia juu ya kitu kidogo ambacho kila msomaji wetu mwenye kuvaa sare amekishika mkononi mara nyingi pasipo kukifikiria. Kitu hicho ni magazini, kile kikasha cha chuma au cha plastiki kinachobeba risasi chini ya bunduki au ndani ya mpini wa bastola. Serikali kadhaa zimeamua, na nyingine zinapendekeza, kwamba raia mwenye kibali cha silaha asiwe na magazini inayochukua risasi nyingi kupita kiasi. Mahali pengine kiasi hicho ni risasi kumi, pengine kumi na tano. Wenye silaha nao wamepaza sauti kupinga. Yamkini baadhi ya ndugu zetu wa jeshi na polisi hapa Bujumbura watasema kwamba hayo ni magomvi ya watu wa ng'ambo wanaonunua bunduki dukani kama anunuavyo mtu jembe. Tunawaomba wasilikunje gazeti upesi. Ndani ya mabishano hayo limo swali moja linalotuhusu sisi kuliko linavyowahusu wao, nalo ni hili: ni kwa haki gani askari abebe magazini iliyojaa, ilhali raia anaambiwa apunguze ya kwake?

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, makhazin, yaani maghala, na ni ndugu wa neno letu hazina. Magazini basi ni ghala dogo lililoshikizwa kwenye bunduki. Bunduki ya AK, ambayo katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu hata mtoto anaijua kwa umbo lake, ghala lake la kawaida hubeba risasi 30. Ile bastola mashuhuri ya Browning iliyotengenezwa Ubelgiji ilibeba 13, na Glock 17 ya Austria hubeba 17. Mtambo wa AK huweza kupiga kwa kasi ya risasi kama 600 kwa dakika, maana yake magazini nzima yaweza kwisha kwa sekunde tatu. Kila aliyefundishwa kazi hii anajua kinachofuata baada ya hapo: ukimya. Mpigaji, hata awe hodari namna gani, kwa kitambo kifupi huwa ni mtu aliyeshika rungu la chuma. Sheria zote za kupunguza magazini zimejengwa juu ya ukimya huo.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Tarehe 8 Januari 2011, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, mtu mmoja aliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya duka kukutana na mbunge wao, Gabrielle Giffords. Bastola yake ilikuwa na magazini ndefu ya risasi 33. Watu sita walikufa, miongoni mwao mtoto wa kike wa miaka tisa, na wengine kumi na watatu wakajeruhiwa. Alipotaka kubadilisha magazini, wananchi waliokuwapo walimrukia wakamwangusha chini. Watetezi wa sheria husema: laiti magazini ile ingalikuwa ya risasi kumi, nafasi ya kumrukia ingalipatikana mapema, na baadhi ya waliokufa wangalikuwa hai.

Mfano wa pili ni wa New Zealand, na kwa macho ya mtu wa ulinzi una mafunzo zaidi. Tarehe 15 Machi 2019 muuaji mmoja aliingia misikiti miwili ya mji wa Christchurch akaua watu 51. Tume ya uchunguzi ya nchi hiyo ilieleza mwaka uliofuata kwamba mtu yule alikuwa na kibali cha kawaida cha silaha, kisha akazitia bunduki zake magazini kubwa ambazo wakati ule mtu yeyote aliweza kuzinunua bila kuulizwa. Sheria ilikuwa imemtazama mwenye bunduki lakini haikuitazama magazini. Mlango ulifungwa na dirisha likaachwa wazi. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mpya tarehe 10 Aprili 2019, kwa kura 119 dhidi ya moja, na hadi mwisho wa mwaka ule bunduki zaidi ya 56,000 zilikuwa zimerudishwa serikalini kwa malipo.

Sasa tuwasikilize wenye silaha, na tuwasikilize kwa makini, maana si wote ni wapenda vita. Wapo wakulima wanaokaa mbali na mji, wapo wenye maduka, wapo walioporwa mara moja na hawataki kuporwa tena. Neno lao la kwanza ni kwamba jambazi hasomi gazeti la serikali. Sheria itampunguzia risasi yule anayeitii, na yule asiyeitii atabaki na magazini yake ya thelathini. Neno la pili ni kwamba mpigaji aliyezoea hubadilisha magazini kwa sekunde mbili au tatu, kwa hiyo kikomo hakizuii lolote. Hapa tunasema wazi kwamba hoja yao hii ya pili inajikata yenyewe. Kama kubadilisha magazini ni jambo jepesi hivyo, basi mwenye nyumba naye hapotezi kitu kwa kuwa na magazini ndogo mbili badala ya moja kubwa. Na kama ni jambo gumu, basi ni gumu kwa muuaji pia.

Lakini wana jibu, nalo ni jibu ambalo sisi wenyewe hatukuweza kulitupa. Mshambuliaji, wasema, huchagua siku, saa na mahali. Huja amevaa mkanda wenye magazini nne au tano. Mwenye nyumba huamshwa usingizini. Yeye ana zile risasi zilizomo ndani ya bastola, basi. Hana mkanda, hana taa, mkono unamtetemeka, na wavamizi huenda ni watatu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Afisa anayelala kambini akilindwa na walinzi wa zamu asiharakishe kumcheka mtu huyo.

Kuna pia hofu ya hatua ya kwanza. Leo watachukua magazini, kesho bastola, keshokutwa watajua nyumba gani haina kitu. Huko Marekani hofu hiyo imegeuka kuwa nguvu ya siasa. Mwaka 1994 nchi nzima iliweka kikomo cha risasi kumi kwa magazini mpya, na sheria hiyo ikaachwa ife muda wake ulipokwisha mwaka 2004. Jimbo la Colorado lilipoweka kikomo cha risasi 15 mwaka 2013, wapiga kura waliwaondoa maseneta wawili wa jimbo kabla muhula wao haujaisha, mmoja wao akiwa rais wa baraza la seneti lenyewe.

Na mwisho huja lile neno linaloelekezwa kwetu: mbona sheria hizi, karibu kila mahali, huwaacha polisi na askari nje? Kama risasi kumi zinatosha kumlinda mama na watoto wake, kwa nini hazimtoshi konstebo?

Jibu la haraka ni kwamba askari hukutana na hatari nyingi zaidi. Ni kweli, lakini halitoshi, kwani mwenye duka wa mpakani naye hukutana na hatari. Jibu lililo la haki, kwa maoni yetu, lina sehemu mbili. Askari hubeba magazini iliyojaa kwa sababu risasi zake zimehesabiwa kabla ya kutoka na zitahesabiwa baada ya kurudi, na ipo ofisi itakayomuuliza juu ya kila moja. Tena huibeba kwa sababu ameahidi kufika pale mwenye risasi chache, au asiye na hata moja, atakapopiga kelele. Ukiondoa hesabu, au ukiondoa kufika, askari huyo hana haki yoyote kumzidi raia. Ni mtu mwenye bunduki tu kati ya watu wengine wenye bunduki.

Turudi sasa katika eneo letu, ambako jambo hili lilikwisha kuamuliwa kwa ukali kuliko huko ng'ambo. Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo na silaha nyepesi ilitiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004, na Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia sahihi. Itifaki hiyo haikujishughulisha na kuhesabu risasi ngapi ziingie katika magazini ya raia. Ilisema kwamba nchi zitapiga marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za mfululizo, na hata bunduki ndefu zile zinazojipakia zenyewe na kutoa risasi moja moja. Huko Colorado watu waligombana juu ya risasi ya kumi na sita. Sisi tuliahidi kuiondoa bunduki nzima. Hapa kwetu sheria ya silaha ndogo ilifuata tarehe 28 Agosti 2009, na watu wakapewa nafasi ya kurudisha silaha bila kushtakiwa.

Ahadi kubwa namna hiyo inahitaji mdhamini. Na historia ya eneo hili inaonyesha nini hutokea mdhamini akiondoka.

Huko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, serikali ilianza mwezi wa Desemba 2001 kuwataka wafugaji warudishe bunduki kwa hiari. Waliorudisha waliahidiwa ulinzi wa jeshi dhidi ya majirani zao, wakiwamo Waturkana na Wapokot wa upande wa Kenya ambao bunduki zao hazikuguswa. Maelfu ya bunduki yalirudishwa. Kisha, mwezi wa Machi 2002, jeshi la Uganda lilianza operesheni kubwa dhidi ya waasi wa Kony kusini mwa Sudan, na askari waliokuwa walinde Karamoja wakapelekwa huko. Si vigumu kukisia yaliyofuata. Waliotii ndio walioibiwa ng'ombe, kwa kuwa adui alijua ni boma gani halina bunduki tena. Watu wakanunua silaha upya, na serikali ilipoanza zoezi la pili mwaka 2006 ilibidi litumike kwa nguvu, na damu nyingi ikamwagika. Wizi wa ng'ombe uliporudi tena, operesheni nyingine ilianzishwa mwaka 2021, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Jina ni zuri. Mzee wa Karamoja aliyerudisha bunduki yake mwaka 2001 anayo haki ya kulisikiliza jina hilo akiwa amekunja uso.

Kenya nayo ilionja jambo lilo hilo. Mwaka 2019 serikali ilizirudisha ghalani bunduki za askari wa akiba wa vijijini katika maeneo ya wafugaji, na sababu haikuwa mbaya: baadhi yao walishukiwa kuzitumia katika mambo yasiyo ya kazi yao. Lakini wananchi wa Bonde la Ufa la kaskazini walilalamika kwamba wameachwa mikononi mwa wezi wa mifugo, na baada ya miaka michache serikali iliwarudisha askari hao wa akiba kazini. Na wenye bastola wa Nairobi, walipoamriwa mwishoni mwa mwaka 2018 kuhakikiwa upya vibali vyao, hawakukosa kukumbusha habari za Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia katika jumba lile la maduka na kuua watu 67, miongoni mwa waliowahi kuingia kuwaokoa watu walikuwa raia wenye bastola za kibali pamoja na polisi wachache, kabla vikosi vya dola havijajipanga. Na vilipofika, vikosi vyenyewe havikuelewana vizuri. Hatusemi hayo ili kuwasifu raia wenye bastola kupita kiasi. Twasema kwamba kila dakika ambayo dola inachelewa ni hoja mkononi mwa mtu anayetaka magazini kubwa.

Na Bujumbura? Wasomaji wetu wengi walikuwa watoto, kama tulivyokuwa sisi, mwezi wa Julai 2003 mapigano yalipofika Musaga na Kinanira, watu wakabeba magodoro kichwani kuelekea katikati ya mji. Katika miaka ile ya vita raia wengi walipata silaha kwa njia nyingi: wengine walizinunua, wengine waliokota, wengine walipewa. Wale waliokuwa wakiitwa walinzi wa amani walipewa bunduki na utawala wenyewe, na vita vilipokwisha walirudisha silaha na kupewa faranga 100,000 kila mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba kama nyumba 100,000 nchini zilikuwa bado na silaha. Si majambazi 100,000 hao. Wengi walikuwa baba za watu walioficha chuma chini ya kitanda au ndani ya dari kwa sababu moja tu: walikuwa wamejifunza kwamba usiku ukiingia hakuna anayekuja.

Tena hapa kwetu hoja ya magazini ina ndugu yake mbaya zaidi, nalo ni bomu la kutupa kwa mkono. Halina magazini, halihitaji shabaha, laingia mfukoni, na limetumika kulipiza visasi vya mashamba na vya wivu vilivyokuwa vikimalizwa zamani na wazee penye mtungi wa pombe. Anayetaka kuandika sheria ya silaha ya Burundi kwa kunakili ya Marekani atakuwa anashona nguo kwa kipimo cha mtu mwingine. Lakini asidhani pia kwamba magazini si tatizo letu. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia katika baa moja ya Gatumba, kilomita chache tu kutoka mji huu, wakaua watu zaidi ya 30. Mahali palipojaa watu namna ile, kila risasi iliyomo katika magazini ina jina la mtu.

Mwenye silaha iliyofichwa ana hofu mbili, na zote mbili ni za kweli kwake. Aogopa kubaki mikono mitupu, na aogopa safari yenyewe ya kwenda kuirudisha: atakutana na nani njiani, ataandikwa wapi, ataitwa nani baadaye. Mwezi wa Novemba 2015, katika siku zile za mvurugano, Rais wa wakati ule, hayati Pierre Nkurunziza, alitoa muda wa siku tano kwa wenye silaha kuzirudisha, na baada ya muda huo misako ikafuata katika mitaa ya mji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika nyumba iliyokwisha kupekuliwa usiku, neno la upole la asubuhi huchukua muda mrefu kuaminiwa, hata likisemwa kwa nia njema kabisa. Polisi wa kata anayejulikana kwa jina, anayesalimu, anayefika anapoitwa na kuondoka bila kuomba chochote, amekusanya silaha nyingi kuliko anavyojua mwenyewe.

Tumesema juu ya kufika, imebaki hesabu. Hapa tunazungumza ndani ya nyumba yetu wenyewe, na pasiwe na mtu wa kukasirika. Bunduki za serikali katika nchi za Itifaki ya Nairobi zinapaswa kupigwa alama, na kazi hiyo imefanywa hapa kwetu pia. Lakini magazini aghalabu haina namba. Bunduki ikipotea, namba yake huizungukia nchi nzima. Magazini ikipotea, hakuna kitu cha kutafuta isipokuwa pengo katika kitabu cha ghala. Na kitabu hicho huandikwa na mtu mmoja, koplo au sajini, mara nyingi jioni, akiwa amechoka, naye hutazamwa na afisa ambaye huenda ana haraka ya kwenda zake. Katika nchi zote za eneo hili, na yetu haikosekani, zimewahi kusikika habari za bunduki ya serikali iliyokodishwa usiku na kurudishwa alfajiri imefutwa vizuri. Raia akisikia habari moja ya namna hiyo, mazungumzo yote juu ya kupunguza magazini yake yamekwisha. Atauliza, na atakuwa na haki: mnapunguza yangu, na ile iliyokuja kunivunjia mlango ilitoka ghala gani?

Tulipokuwa katika chuo cha makadeti, siku moja baada ya shabaha, hesabu ya risasi na maganda ilikataa kutimia. Ilikosekana risasi moja. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa, malori yalikwisha kuwashwa, na chakula kilikuwa kinatungoja. Mwalimu wetu, sajini mkongwe asiyependa maneno mengi, aliamuru malori yazimwe. Tulipanga mstari, tukapiga magoti, tukapekua majani kwa vidole kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho wake, kisha tukarudi tena. Mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba risasi moja haiwezi kupindua nchi. Sajini alimsikia, akamweka katikati ya mstari wa mbele. Giza lilipoingia tuliendelea kwa taa. Ilipatikana imejificha ndani ya mkunjo wa turubai alilolalia mpigaji wa zamu ya tatu. Sajini aliifuta vumbi kwa kidole, akaiweka katika sanduku pamoja na nyingine, akaandika saa kitabuni, mbili na dakika arobaini usiku, akamwita ofisa mwenye zamu atie sahihi chini yake. Kisha ndipo malori yakawashwa.